Usimkataze, Muulize

Ndugu msomaji, baiskeli ni chombo tulichokizoea mno hata tumekidharau. Inabeba mkaa, inabeba samaki, maziwa na mikate. Inampeleka mfanyakazi kiwandani na mwanafunzi shuleni. Kwa kuwa tunaiona kila siku mlangoni petu, tunaamini kwamba kila ajuaye kuipanda anajua pia kusafiri nayo. Sivyo. Kupanda baiskeli mtoto hujifunza kwa siku chache, na ada yake ni magoti yaliyochubuka. Kusafiri nayo mwendo mrefu katika nchi kame ni elimu nyingine kabisa, na ada yake, kwa yule asiyejifunza mapema, yaweza kuwa uhai wake.

Nayasema haya kwa sababu ya barua ya mama mmoja, msomaji wa siku nyingi wa ukurasa huu. Mwanawe anafanya kazi Ulaya. Amemwarifu kwamba katika likizo yake ya mwezi Aprili, yeye na wenzake wawili watakwenda katika kisiwa kiitwacho Lanzarote, na huko watatembea kwa baiskeli karibu kilomita 150 kwa siku moja, katika nchi ya mawe ya volkano isiyo na mto wala kivuli. Mama amekosa usingizi. Anauliza: "Je, nimkataze, au nimnyamazie?"

Jibu langu ni kwamba asifanye lolote kati ya hayo mawili. Mtu mzima aliye maili elfu kadhaa kutoka nyumbani hakatazwi; akikatazwa atakwenda kimyakimya, na hapo ndipo hatari huzidi. Wala mzazi hana haki ya kunyamaza. Iliyobaki ni njia ya tatu, nayo ni kuuliza. Lakini ili uulize vema, sharti kwanza uijue nchi yenyewe.

NCHI YA MAJIVU

Lanzarote ni kimoja cha Visiwa vya Kanari. Visiwa hivyo viko chini ya Hispania, ingawa vimelala katika bahari ya Atlantiki karibu na Afrika kuliko Ulaya. Kutoka Lanzarote hadi pwani ya bara letu ni yapata kilomita 125 tu. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 846, yaani ni kidogo kuliko Pemba. Lakini usikifananishe na Pemba kwa jambo jingine lolote. Pemba ni kijani, ni mikarafuu na minazi. Mvua inayoshuka huko katika masika peke yake huipita mbali ile ya Lanzarote ya mwaka mzima, ambayo katika sehemu nyingi haifiki milimita 200. Tangu miaka ya 1960 watu wa huko hunywa maji ya bahari yaliyotolewa chumvi kwa mitambo.

Tarehe 1 Septemba, 1730, ardhi ilipasuka upande wa magharibi wa kisiwa, mahali paitwapo Timanfaya. Moto ule haukukoma hadi Aprili 1736. Kasisi wa kijiji cha Yaiza, Andrés Lorenzo Curbelo, aliandika kumbukumbu za maafa hayo, na kwa kalamu yake twajua jinsi vijiji na mashamba yalivyozama. Ulipozimika, yapata robo ya kisiwa ilikuwa chini ya lava na majivu. Hata leo joto lingali limelala karibu na uso wa nchi: walinzi wa hifadhi ya Timanfaya, iliyoanzishwa mwaka 1974, humwaga ndoo ya maji katika bomba lililozamishwa ardhini, na mara mvuke huruka juu kwa kishindo, wageni wakarudi nyuma kwa hofu.

Hiyo ndiyo nchi atakayopita kijana. Hata hivyo, mama, mwanao hajaingiwa na wazimu. Barabara za Lanzarote ni za lami, na wapanda baiskeli wa Ulaya huzikimbilia wanapoikimbia baridi ya kwao. Tangu mwaka 1992 kumekuwa na mashindano makubwa huko, ambapo mshindani huogelea kilomita 3.8, hupanda baiskeli kilomita 180, na kisha hukimbia kilomita 42. Basi kilomita 150 zinawezekana. Ila kumbuka tofauti moja: mshindani huyo huwekewa vituo vya maji njiani na watu wa kumwokota akianguka. Mwanao na wenzake hawatawekewa kitu. Kila ambacho mashindano humpa mshindani, wao itawabidi wakipange wenyewe. Kwa hiyo muulize maswali haya.

UPEPO UNATOKA WAPI?

Hili ndilo swali la kwanza, na wengi hawalitarajii. Watu wa pwani yetu hatuhitaji kufundishwa habari hii. Manahodha wa majahazi hawakung'oa nanga bila kujua kama ni kaskazi au ni kusi. Sisi tunazo pepo mbili zinazopokezana. Lanzarote wanao upepo mmoja mkuu, utokao kaskazini-mashariki, unaovuma sehemu kubwa ya mwaka na kuzidi ukali katika miezi ya kiangazi chao. Katika nchi isiyo na miti hakuna cha kuupunguza.

Upepo kwa mpanda baiskeli ni mlima usioonekana. Mtu akienda kilomita 20 kwa saa huku upepo wa kilomita 30 ukimkabili usoni, kifua chake kinapambana na hewa ya kilomita 50. Na nguvu ya hewa haiongezeki kwa kadiri ya mwendo tu. Mwendo wa hewa ukiwa maradufu, nguvu yake huwa mara nne. Ndiyo maana mtu huweza kutoka asubuhi akiruka kama swala kwa sababu upepo u mgongoni, akadhani ni miguu yake, kumbe anakopa. Jioni, akiwa amechoka, deni hudaiwa lote kwa pamoja.

Dawa yake ni moja: lipa kwanza, ufaidi baadaye. Ikiwa vijana hawa watalala Playa Blanca, kwenye ncha ya kusini, asubuhi watakwenda kaskazini wakiukabili upepo wakati miguu ingali mipya, na jioni watarudi nao ukiwasukuma. Njia yenyewe yaweza kuwa hivi: Playa Blanca hadi Yaiza, kutoka hapo kupita bonde la mizabibu la La Geria hadi mji wa kale wa Teguise, kisha kuupanda mlima hadi Haría, kijiji cha mitende, na kufika Mirador del Río, kilele cha jabali ambapo bahari inaonekana chini yako mita zipatazo 475. Kurudi watapita tena Teguise, washike njia ya magharibi hadi Tinajo, wavuke milima ya moto ya Timanfaya, na kurejea Yaiza na Playa Blanca. Mwanao akikujibu kwamba watalala kaskazini na kuanza kwa kushuka kusini, mwambie aipindue ramani yake.

MAJI YAKO WAPI?

Mtu anayefanya kazi ya nguvu juani huhitaji nusu lita hadi robo tatu ya lita ya maji kwa kila saa. Safari hii ni ya saa tisa au kumi. Fanya hesabu, msomaji: ni lita tano hadi saba. Chupa mbili za kawaida za baiskeli hubeba lita moja na nusu. Maana yake, chupa zitajazwa upya mara tatu au nne, na kila mara sharti ijulikane tangu nyumbani ni wapi. Yaiza pana maduka, Teguise pana maduka, Haría pia. Baada ya Tinajo inakuja barabara ya Timanfaya, ambako kulia ni lava na kushoto ni lava. Kwa hiyo Tinajo si mahali pa kupita kwa haraka eti kwa sababu chupa moja bado ina maji. Ni mahali pa kushuka na kujaza zote mbili.

Tena upepo una hila yake. Hukausha jasho kabla hujalihisi, ukadhani hutoki jasho, na ukaacha kunywa. Asisubiri kiu. Anywe kidogo kidogo, mara kwa mara. Wala maji matupu hayatoshi, kwani jasho hutoka na chumvi, na kujijaza maji matupu kwa siku nzima kwaweza kuleta ugonjwa wake wenyewe. Kila mama anayajua maji ya kumpa mtoto anayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Chupa moja ikiwa na maji ya namna hiyo na nyingine maji matupu, mpanda baiskeli hataharibikiwa. Na chakula vivyo hivyo: ndizi, tende, mkate, kuliwa kabla njaa haijabisha hodi. Wenyeji wana chakula chao cha kale kiitwacho gofio, nacho ni unga wa nafaka iliyokaangwa kabla ya kusagwa. Mkulima wa huko alishinda nao shambani, na mpanda baiskeli ataweza kushinda nao barabarani.

MTAGEUKA SAA NGAPI?

Swali hili ndilo kiini cha barua yangu. Msafiri mbaya hupanga saa ya kufika. Msafiri mzuri hupanga pia saa ya kugeuka.

Tuchukue kalamu. Kwenda hadi Mirador del Río ni karibu kilomita 70, kuna milima na kuna upepo. Tusijipendelee, tuseme mwendo ni kilomita 13 kwa saa. Wakiondoka saa mbili asubuhi, watafika Teguise, yapata kilomita 45, saa tano na nusu, na huko juu kabisa karibu saa saba na nusu. Wapumzike nusu saa. Kurudi ni kama kilomita 75 na upepo uko nyuma. Tuseme kilomita 18 kwa saa. Watafika nyumbani saa kumi na mbili na robo hivi. Mwishoni mwa Aprili jua huko huzama baada ya saa mbili za usiku. Wanabakiwa na akiba ya saa mbili. Akiba hiyo si ya kupiga picha. Ni ya pancha, ni ya tumbo la mmoja wao, ni ya mnyororo uliokatika.

Basi ahadi iwe hivi: kama saa sita mchana haijawakuta Teguise, hawapandi kwenda kaskazini. Wanashika njia ya Tinajo papo hapo na kurudi. Watakuwa wametembea zaidi ya kilomita 90, na hakuna mwenye haki ya kuwacheka. Ahadi hiyo iwekwe usiku wa kuamkia safari, watu wakiwa wameshiba na wana akili zao timamu. Anayeamua juani, amechoka na mwenzake anamtazama, haamui yeye, huamua aibu.

Muulize pia wana siku ngapi za akiba. Mara kwa mara hutokea huko hali iitwayo calima. Upepo hugeuka na kutoka Sahara, ukaleta vumbi na joto; mbingu hugeuka rangi, macho hayaoni mbali na kifua hubana. Siku ya namna hiyo baiskeli hulala ndani. Aliyekuja na siku moja tu ya safari atajidanganya kwamba vumbi si kitu. Aliyekuja na siku nne atangoja.

NANI AMEIKAGUA BAISKELI?

Barabara ile ina miteremko mirefu yenye kona, na kwenye kona upepo humpiga mtu ubavuni kwa ghafla. Breki ndizo za kwanza kukaguliwa, kabla ya gia. Na gia ziwe nyepesi za kutosha kupandia mlima kwa kukaa, maana anayesimama juu ya pedali kila mlima ataishiwa nguvu kabla ya Haría. Kila mmoja achukue mipira ya ndani miwili, viraka, pampu na vyuma vya kufungulia tairi, na kila mmoja awe amewahi kuziba pancha kwa mikono yake mwenyewe. Kingo za lava ni kali, na fundi baiskeli chini ya mwembe, kama tuliyemzoea sisi, hayupo. Kofia ngumu ni lazima. Sheria ya Hispania yaitaka kwa kila mpanda baiskeli aliye nje ya mji. Wasitoke nje ya barabara katika hifadhi ya Timanfaya, kwani imekatazwa.

MMOJA WENU AKIBADILIKA, MTAMJUAJE?

Ugonjwa wa joto haupigi hodi kwa sauti. Mtu huanza kuumwa kichwa, akahisi kichefuchefu, akasisimkwa na mwili kama mwenye baridi ilhali jua linawaka. Huyo bado yuko mahali pa kuokolewa kwa kivuli, maji na mapumziko, na safari yake ya siku hiyo imekwisha. Lakini akianza kusema maneno yasiyo na mpango, akiyumba, au akikasirika bila sababu, hiyo ni hatari ya kifo. Avuliwe nguo za juu, amwagiwe maji, apepewe, na msaada uitwe mara moja. Namba ya dharura ya huko ni 112. Jambo la kushika ni kwamba mgonjwa wa joto hajijui. Yeye atasema, "Niko sawa, twende." Kwa hiyo watatu hawa wakubaliane tangu mwanzo kwamba wawili wakisema mwenzao asimame, atasimama bila kubishana.

KARATASI IKO KWA NANI?

Mwisho, mama, dai karatasi. Iwe ya mkono au ya simu, si kitu. Iandikwe njia yote, majina ya wenzake, saa wanayotazamia kufika kila mji, na saa ambayo, wasipokuwa wamerudi, mtu atafute msaada. Nakala moja ibaki kwa wenye nyumba ya wageni watakamolala, nyingine ibaki kwako. Usidai akupigie simu kila saa. Mpanda baiskeli anayeshika simu ni hatari kwa nafsi yake. Mara tatu zatosha: Teguise, Tinajo na nyumbani. Karatasi hiyo haimlindi yeye peke yake. Inakulinda na wewe, kwa sababu utajua ni saa gani ya kuhofu na ni saa gani bado mapema.

Sasa, ndugu msomaji, labda utasema: Lanzarote ni mbali, nami baiskeli yangu ni ya kwendea kazini. Kweli. Lakini maswali haya hayakutungwa kwa Lanzarote peke yake. Baba anayetaka kwenda na watoto kumsalimu bibi kijijini, vijana wanaokusudia kupanda mlima, wavuvi wanaotoka na mashua ndogo, wote huulizwa yale yale: upepo, maji, saa ya kugeuka, chombo, mwenzako, na karatasi nyumbani. Wala usiyaulize kama askari anayepekua mzigo. Uliza kama mtu anayetaka kujua na kujifunza. Kijana aliyejiandaa hufurahi kuulizwa. Atakueleza hata usiyoyauliza. Kijana asiyejiandaa atajibu, "Usijali, mama, tutaona huko huko." Jibu hilo likitoka, usiseme usiende. Sema: "Nitakuuliza tena Jumapili." Jumapili atakuwa ameifungua ramani, kwa sababu hapendi kukosa jibu mara mbili mbele ya mzazi wake.

Na katika bonde lile la La Geria, vijana hao wapunguze mwendo na watazame. Majivu yalipofunika mashamba, wakulima wa Lanzarote waligundua kwamba changarawe ile nyeusi huunywa umande wa usiku na kuzuia udongo ulio chini usikauke. Wakachimba shimo kwa kila mzabibu, kina kirefu kuufikia udongo wa zamani, na kando ya kila shimo wakajenga kiukuta cha mawe cha nusu duara, kimeelekea kule upepo utokako. Mashimo hayo ni maelfu, na kila mmoja una ukuta wake. Hawakuushinda upepo na hawakuileta mvua. Waliuliza upepo unatoka wapi na maji yamejificha wapi, kisha wakapanda. Zabibu zingali zinavunwa hadi leo.

Tukutane Jumapili ijayo.